Boga likiota vinundu, tazama majani kabla hujang'oa shina

Msimu wa maboga ukifika, swali ninaloulizwa zaidi na wakulima wenzangu huku Lushoto ni hili: ganda limeota vinundu kama chunjua, je, ni ugonjwa, ning'oe? Nami huuliza kwanza: majani yakoje? Ganda peke yake halitoshi kuhukumu mmea, na inaniuma kuona shina zima linang'olewa bure.

Maboga mengine yamezaliwa hivyo. Mwaka 1922 watafiti Sinnott na Durham walieleza kwamba vinundu vya aina fulani za maboga vinatokana na jeni yenye nguvu: mmea ukiirithi kwa mzazi mmoja tu, matunda yake huota vinundu. Ufaransa wanalo boga liitwalo Galeux d'Eysines, ganda lake utadhani limebandikwa karanga, na wapishi wanalipenda. Ukiona vinundu vimeenea tunda zima, kila tunda la shina hilo ni vivyo hivyo, na majani ni mabichi yasiyo na doa, huo ni urithi. Vuna, upike.

Wengi husema nyuki walichanganya chavua, ndiyo maana boga limeharibika sura. Hapana. Ganda la tunda ni sehemu ya mmea mama. Chavua ngeni haiwezi kulibadilisha. Inachobadilisha ni mbegu zilizo ndani, na matokeo utayaona ukizipanda msimu ujao.

Baridi ya Juni na Julai nayo huleta vyake. Udongo ukiwa umelowa na hewa ikiwa ya ukungu, mizizi hufyonza maji mengi kuliko majani yanavyoweza kuyatoa. Chembe za ganda huvimba, hupasuka, kisha pale hukauka na kuacha vipele vigumu vya rangi ya kahawia. Tunda hilo linalika. Punguza kumwagilia, na ukimwagilia iwe asubuhi.

Inzi wa matunda ni habari nyingine. Jike hudunga tunda changa na kutaga mayai ndani yake. Utaona kitundu kidogo, pengine utomvu umeganda juu yake, na upande huo unapinda. Mamumunye huumia sana. Mimi huyafunika kwa mifuko ya karatasi yakiwa bado madogo, baada ya ua kunyauka, na yaliyodungwa nayafukia kwenye shimo refu. Ukiyaacha shambani, unafuga inzi.

Linalonitia hofu ni batobato. Hapa majani ndiyo yanayosema: yana mabaka ya kijani kilichoiva na cha manjano, yamejikunja, mengine yamekuwa membamba kama uzi. Matunda huota nundu zisizo na mpangilio na hupinda. Hivi ni virusi, na huenezwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Kidukari huvichukua kwa kuonja jani bovu kwa sekunde chache tu, akaruka na kuonja jani zima, kazi imekwisha. Ndiyo maana sishauri mtu kumaliza fedha kwenye dawa ya kupuliza: kidukari mgeni huwa ameshaambukiza kabla sumu haijamuua. Ng'oa shina la kwanza mara unapoliona, usingoje lizae. Palilia magugu ya kandokando, maana virusi hujificha humo. Kisha msimu ujao zungushia mahindi, uyapande mapema yatangulie kurefuka, ili vidukari vinavyoingia vitue kwanza huko na kujisafisha midomo. Boga la mmea wenye batobato halimdhuru mlaji, lakini mbegu zake usizitunze.

Na kwa kuwa nimetaja mbegu: ukiletewa mbegu za vile viboga vya mapambo vyenye chunjua vinavyouzwa Ulaya na Marekani, usizipande karibu na maboga ya kula unayotaka kuyatunzia mbegu. Baadhi huzaana, na watoto wao wanaweza kubeba sumu chungu isiyoondoka kwa kupikwa. Ujerumani, mwaka 2015, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini, aina ya boga linaloliwa likiwa changa, iliyokuwa chungu na iliyolimwa nyumbani. Kwa hiyo, boga la mbegu usiyoijua asili yake, lionje kipande kidogo kibichi kabla ya kulipika. Likiwa chungu, tema na utupe lote, hata kama sufuria iko tayari jikoni.