Meza ya maji ya limau: waachie watoto biashara yao

Mara ya kwanza wanangu walipofungua meza ya maji ya limau, muuzaji nilikuwa mimi. Nilikamua, nikapanga bei, nikaandika bango, nikapokea pesa. Wao walikaa pembeni, na haikupita nusu saa wakaenda kucheza. Jioni binti yangu, aliyekuwa na miaka 9, akaniambia, "Mama, ile ilikuwa biashara yako." Yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Haya ninayoandika nimejifunza mara zilizofuata, nilipokubali kukaa kando.

Kabla hata ya kununua limau moja, waulize pesa ni ya nini. Mtoto asiye na lengo hachoki kwa jua, huchoka kwa kukosa sababu ya kuvumilia jua. Mdogo wao wa miaka 6 alitaka mpira. Dada yake nilimsimulia habari za Alexandra Scott, msichana wa Marekani aliyekuwa akiugua saratani, ambaye mwaka 2000, akiwa na miaka 4, alifungua meza kama hii ili kuchangia matibabu ya watoto wenzake. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 8, na kufikia hapo michango ilikuwa imevuka dola milioni 1. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema sehemu ya faida yetu nayo itolewe.

Kinywaji chenyewe kina kanuni rahisi: kikombe kimoja cha maji ya limau yaliyokamuliwa, kimoja cha sukari, na maji vikombe vitano. Limau moja la wastani hutoa kama vijiko vitatu vikubwa, kwa hiyo jagi moja hutaka malimau matano au sita. Wape watoto wayabingirishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata. Yatatoa maji mengi zaidi. Chujeni mbegu, maana zikisagika huleta uchungu. Sukari ikorogeni kwanza katika kikombe kimoja cha maji ya moto (hapo ndipo mkono wako mzazi unapohitajika), la sivyo itatuama chini, mteja wa kwanza anywe uchachu na wa mwisho anywe shira. Kama mtatia barafu, punguzeni maji, kwani barafu ikiyeyuka huzimua. Na msitumie sufuria ya alumini kuhifadhia. Ndimu na limau huila na ladha hubadilika.

Usafi sibembelezi. Mikono huoshwa kwa sabuni kwa sekunde 20, jagi hufunikwa, na anayeshika pesa hagusi vikombe. Mgawo huo ulimaliza hata ugomvi wao: mmoja mhazini, mwingine mmiminaji, wakibadilishana kila saa baada ya kunawa. Ulizeni pia kama panahitajika kibali, kwa sababu kuna mahali hata meza ya watoto hudaiwa. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 2019 kuzuia serikali za mitaa zisiwadai watoto vibali vya aina hiyo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi wenzangu msiwe na haraka. Kwa mtoto, kila kilichomo kwenye kopo la pesa ni chake. Hajui kwamba malimau, sukari na vikombe vilinunuliwa. Wazazi wengi hulipia vyote kimyakimya, mtoto akaondoka akiamini faida hutoka hewani. Mimi niliwakopesha mtaji na tukakubaliana utarudi wote.

Siku ile tulitengeneza majagi matatu, vikombe 24. Tukajumlisha gharama, tukaona vikombe 11 vya kwanza vitarudisha mtaji tu. Kwa kuwa maneno hayo ni mazito kwa mtoto wa miaka 6, tulipanga vikombe vitupu 11 upande mmoja wa meza. Kila wakiuza, kimoja kinaondolewa. Kile cha mwisho kilipoondoka, mdogo aliruka akipiga makofi: "Sasa ni zetu!" Sijaona njia nyingine ya kumweleza mtoto faida ikamwingia kiasi hicho.

Waliuza 19. Vitano vilivyobaki walikunywa wenyewe na kuwagawia marafiki. Nilikuwa nimeviona vikitoka, nikauma mdomo. Jioni tulipohesabu kopo, wakapata faida ya vikombe 8, na binti akauliza mwenyewe vile vingine vimeenda wapi. Akahesabu kwa vidole, akamtazama mdogo wake. Hakuna aliyewakaripia. Waligawana: vitatu vyake, vitatu vya mdogo wake, viwili vya kutoa.

Chenji iandaeni mapema, tena ya sarafu ndogo. Mteja akingoja huku mtoto anahangaika na hesabu, tamani kusaidia lakini subiri. Wateja wengi wa meza hizi wana subira kuliko tunavyodhani. Kaa mahali unapowaona na kuwasikia. Ingia pale tu panapokuwa na hatari, au mtu mzima anapowapunja.

Meza iliyofuata sikuombwa chochote ila maji ya moto. Nilipoyaleta, nilikuta bahasha imebandikwa chini ya meza kwa gundi ya karatasi, imeandikwa kwa mwandiko wa binti yangu: "Mtaji. Usiguse." Kando yake kikombe kimoja, chenye jina la mdogo wake: hicho ndicho alichoruhusiwa kunywa bure siku nzima.