Shangazi wa Pwani Anajibu: Mtu wa kati, mbalamwezi na dagaa wa Bagamoyo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza dagaa wa Bagamoyo pale soko la Majengo, Dodoma. Mzigo nauchukua kwa mtu wa kati, na kila akitaka kupandisha bei ananiambia bahari imechafuka. Mwenzangu anasema nishuke pwani mwenyewe. Mtaji wangu mdogo. Nishuke?
Mama wa Chang'ombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, ndoa ndiyo iliyonileta huku Ugogoni, kwa hiyo nakujibu kwa ninalolijua.

Ukiambiwa bahari imechafuka, toka nje usiku utazame juu. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza boti huwasha taa zake, dagaa hujikusanya kwenye mwanga, ndipo nyavu huzungushwa. Mbalamwezi ikishawaka, taa haina kazi tena. Dagaa hutawanyika, boti hupumzika, mabaharia hukaa ufukweni wakishona nyavu. Hapo bei lazima ipande, hata bahari ikiwa shwari kabisa. Giza lenyewe huanza kama tarehe 20 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 8 hivi ya mwezi unaofuata. Weka kalenda ya Kiislamu kibandani kwako, itakusaidia kuliko maneno ya mtu yeyote.

Juni hadi Agosti, kusi linapovuma kwa nguvu, mtu wako anaweza kuwa anasema kweli. Na masika ni shida nyingine: samaki wanaweza kupatikana ila jua la kuwakausha hakuna.

Nenda, lakini nenda katikati ya giza, wakati kila mwanikaji ana mzigo. Usiende peke yako. Changeni wawili watatu, nauli na gharama ya gari zigawanyike. Huna haja ya kupita Dar es Salaam. Kutoka Bagamoyo kuna lami hadi Msata, unateremka hadi Chalinze, kisha Morogoro na nyumbani. Kabla ya kupakia, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize habari za leseni na kibali cha kusafirisha, na kila ushuru unaolipa dai risiti.

Ukifika, usikimbilie mnadani ufukweni. Pale wanauza wabichi kwa ndoo, na madalali wanajuana. Watafute akina mama wanaochemsha na kuanika. Boti zikirudi alfajiri, wao ndio wanaobeba ndoo kichwani hadi kwenye masufuria makubwa, wanawatumbukiza dagaa kwenye maji ya chumvi yanayotokota, wanawaopoa upesi, wanawatandaza, na moshi wa kuni uko machoni siku nzima. Dagaa wa kwenye chanja ni bora kuliko waliotandazwa chini. Tafuna mmoja palepale: ukisikia mchanga menoni, acha. Awe anang'aa kifedha na akivunjwa alie. Akiwa wa manjano tumboni, mafuta yameanza kuchacha, na joto la Dodoma litammaliza.

Ukimpata mwanikaji mwaminifu, chukua namba yake. Safari nyingine mtamalizana kwa simu, utalipa gari tu. Nakuomba jambo moja: usimbane bei mpaka mwisho, wala usichukue kwa mkopo. Yeye ndiye mwenye faida ndogo kuliko wote katika mnyororo huu, na mvua moja ikimnyeshea chanjani, mtaji wake wote umeoza.

SWALI: Shangazi, mdogo wangu aliacha shamba la alizeti akaenda pwani kuwa baharia. Anasema boti linauza vizuri lakini yeye harudi na kitu. Anadanganya?
Kaka mtu, Mpwapwa

JIBU: Hadanganyi. Baharia hana mshahara, ana fungu. Tuseme boti limeuza shilingi 600,000. Kwanza inatolewa gharama ya mafuta na chakula, tuseme 150,000. Zinabaki 450,000, na mara nyingi nusu inakwenda kwa chombo, mashine na nyavu, yaani kwa tajiri. Inayobaki, 225,000, mabaharia 15 wakigawana sawa kila mmoja ana 15,000, na kwa kawaida hawagawani sawa, maana nahodha fungu lake ni kubwa. Usiku wasiopata kitu, mafuta yale ni deni la kesho. Na kama mafuta yalitolewa na dalali, samaki ni lazima wauzwe kwake, kwa bei yake.

Mbalamwezi ikiingia hana kazi kabisa, na ndipo wengi wanapokopa kwa tajiri, kisha hawawezi kuhama chombo. Mwambie aweke akiba wakati wa giza, na asipande boti lolote kabla hajaambiwa mafungu yanagawanywaje na deni la mafuta ni la nani. Zaidi ya yote, akague kama botini kuna maboya ya kujiokolea ya watu wote waliomo. Kijana wa Mpwapwa hakukulia majini, na tajiri asiyenunua maboya hastahili kufanyiwa kazi hata usiku mmoja.