Kutazama ndege Tabora hadi Kigoma na kijana wa miaka 15: vifaa, njia na yanayoharibika

Swali lilikuwa hivi: mzazi yuko Tabora, mwanawe yuko kidato cha pili, amesoma habari za vijana wa Marekani wanaozunguka jangwa na milima ya Arizona wakitazama ndege, na sasa likizo ya Juni anataka safari ya namna ile. Mzazi anauliza kama inawezekana bila kwenda Arusha, na anunue nini.

Inawezekana, tena kwa treni. Jangwa hatuna, lakini wale vijana wanaona aina nyingi kwa sababu ya mwinuko. Mji wa Tucson uko mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Mlima Lemmon ulio jirani unafika mita 2,791. Mtu anaanza asubuhi kwenye dungusi, mchana yuko kwenye misonobari, na kila ngazi ina ndege wake. Kwetu ngazi zipo ila zimegeuzwa: Tabora iko kama mita 1,200, Ziwa Tanganyika kama mita 770, kwa hiyo treni inakushusha kwanza, halafu miguu ndiyo inayopanda kuta za bonde la ufa pale Hifadhi ya Gombe. Pangeni miombo, maji, na mabonde yenye msitu. Kuongeza kitu cha nne ndani ya wiki moja ni tamaa, na hasa Hifadhi ya Mahale: Mlima Kungwe wenye mita 2,462 ni mzuri kuliko vyote hivi, lakini ni mbali na ni ghali. Utakuwepo akimaliza shule.

Tuanze na darubini, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Tafuteni iliyoandikwa 8x42 au 8x30. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kijana atataka 10 au 12 akidhani kubwa ni bora. Mkono wake utatetemeka na picha itatetemeka mara kumi zaidi, na eneo analoliona litakuwa dogo kiasi kwamba ndege ameshahama kabla hajampata. Zile za mtaani zenye maandishi kama 100x180, au lenzi nyekundu zinazong'aa, ziacheni hapo hapo. Kabla ya kulipa, toka nje ya duka uangalie nguzo ya umeme ya mbali kwa dakika moja nzima. Ukiona nguzo mbili, au ukishusha darubini macho yakavuta, vioo vya ndani vimesogea. Fundi wa mtaani hatavirudisha.

Kuirekebisha ni jambo la mara moja, na wengi hawalifanyi. Kunja bawaba ya katikati mpaka yale maduara mawili yawe moja. Asiyevaa miwani avute vikombe vya macho nje, mwenye miwani avirudishe ndani. Kisha ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama jani lililo mbali kidogo kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka mishipa ya jani ionekane. Sasa ziba ya kushoto, tazama jani lile lile kwa jicho la kulia, na safari hii usiguse gurudumu. Zungusha pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia. Weka alama kwa rangi ya kucha pale pete iliposimama. Kuanzia hapo ni gurudumu la katikati tu. Kamba ifupishwe ili darubini ikae kifuani, maana ikining'inia tumboni itagonga kila jiwe. Vumbi kwenye lenzi lipulizwe kwanza, ndipo lifutwe. Ukifuta kwa fulana moja kwa moja unasugua mchanga juu ya kioo.

Nyumbani azoee hili: macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo ipande kuja machoni. Akiinamisha uso kuitafuta darubini, akirudi juu tawi limeshakuwa tupu. Shore wa uani wanatosha kwa mazoezi.

Mahali pa kwanza ni bwawa la Igombe au la Kazima. Ndege wa maji ni wakubwa, hawajifichi, na mwanafunzi anapata ushindi wa haraka: yangeyange, mnandi akianika mabawa, mdiria akielea hewani kabla ya kupiga mbizi, na mkiwa na bahati furukombe. Ni vyanzo vya maji ya mji, kwa hiyo ombeni ruhusa kwanza na msiingie majini.

Halafu miombo, na hapa ndipo wageni wengi wanapokata tamaa. Msitu wa hifadhi wa Urumwa, kusini ya mji, unatosha kabisa. Kibali kinatolewa na ofisi ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Utatembea nusu saa kati ya mitundu na mininga usisikie hata mlio mmoja, na kijana ataanza kuuliza mnarudi saa ngapi. Mwelezeni mapema kwamba wakati wa kiangazi ndege wa miombo hawajatawanyika sawasawa. Wanakwenda kwa makundi mchanganyiko, aina kumi au zaidi pamoja, wakipekua miti na kuhama. Kati ya kundi na kundi pori ni tupu kweli. Kazi yenu ni kulipata kundi moja na kukaa nalo.

Dalili ya kwanza ni sauti. Mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, mara nyingi yuko kwenye kundi na ana kelele. Vilevile wako wale weusi kwa weupe wenye kishungi na jicho la njano, ambao hawatembei peke yao kamwe na huchapa midomo wakipita. Ukiwasikia, simama. Usikimbie kuwafuata, maana nao watasogea kwa kasi ile ile. Angalia wanaelekea wapi, zunguka kwa upinde mpana mpaka uwe mbele yao na jua liwe mgongoni mwako, kisha kaa chini ya mti waje wenyewe. Wakifika, gawaneni: mmoja atazame vilele, mwingine mashina na matawi manene ambako gogota na wapanda-magome hufanya kazi, mwingine nyasi. Kundi zuri linaweza kukaa juu yenu robo saa, na robo saa hiyo inazidi asubuhi nzima ya kutembea.

Katika miombo hii atafute hasa kambu mwenye manyoya mawili ya mkia yaliyoishia kama makasia, na mdaka-nzi mdogo mwenye michirizi myeusi kifuani. Huyo mdaka-nzi ana jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwenye nyasi za chini yuko kijidege cha utosi wa rangi ya kutu na mkia mrefu mwembamba, ambacho vitabu vya Kiingereza vimekipa jina la Tabora yenyewe. Mtoto wa Tabora kutokijua ni aibu ndogo.

Mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali, naye ni lazima. Mtafuteni mrina asali anayekubali kuongozana nanyi, na mlipeni siku yake kama kibarua kingine chochote. Hakuna mtembezi wa mjini anayeijua sauti ya mlembe kama yeye. Ndege akianza kupiga mlio wa kukatakata kama kiberiti kinachotikiswa, akiruka mti hadi mti na kuonyesha weupe wa pembeni mwa mkia, anaita. Kabla ya kumfuata, wekeni alama ya mahali mlipo kwenye simu, kwa sababu mtageuka mara nyingi na miombo inafanana pande zote. Mizinga mtakayoikuta ina wenyewe. Msiikaribie, msijipake manukato siku hiyo.

Mavazi ya porini yana sababu. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na kijana atatoka na sweta la shule la bluu kwa sababu asubuhi ya Juni kuna baridi. Mpeni la kaki, kijivu au kijani kilichofifia, shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito. Dawa za mbu hazimsumbui sana mbung'o. Yeye pia hufuata kitu kinachokwenda, hivyo kwenye gari fungeni vioo mkikatiza pori. Malale yapo ukanda huu, kwa hiyo homa baada ya safari isichukuliwe kama malaria tu. Mwambieni daktari mlikuwa porini. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi ni marufuku kwa raia, zisiingie hata kwenye begi. Adui mwingine wa Juni ni upupu: maganda yamekauka, na kuyapita tu kunatosha. Ukikugusa usisugue, ondoa vinyweleo kwa utepe wa gundi au tope lililokauka, ndipo uoge.

Maji lita tatu kwa kichwa kwa siku ya kutembea. Chakula mnajua wenyewe.

Jambo la saa linawachanganya hata watu wazima. Huku magharibi jua la Juni linachomoza karibu saa moja asubuhi Tabora, na Kigoma ni saa moja na dakika kama kumi. Ratiba ya kutoka saa kumi na moja uliyoisoma mahali itawaweka gizani bure. Muwe msituni saa 12:40 asubuhi, na mpaka saa nne kamili kazi kubwa iwe imekwisha. Hadi saa kumi jioni ndege wanapumzika, nanyi laleni.

Treni kwenda Kigoma ni kilomita kama 400, kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Ratiba hubadilika, ulizeni stesheni. Mkipata ya mchana, akae dirishani mkikaribia bonde la Malagarasi. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa eneo la kwanza nchini la Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, hekta milioni 3.25, na ndani yake yuko korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Kijana akisikia hivyo atataka mshuke. Msishuke. Yule ndege anakaa kwenye mafunjo ya ndani kabisa, panahitaji mtumbwi, vibali na siku nyingi, na mamba wapo. Wala asitoe darubini kwenye daraja, bandari, gereza au karibu na kambi. Kigoma ni mpakani, na maelezo ya kutazama ndege hayamridhishi askari haraka.

Kigoma mjini mpeni siku moja. Asubuhi Kibirizi, mwalo ambako dagaa huanikwa na mwewe huzunguka juu wakiviziana. Hapo atajifunza kumtambua ndege kwa umbo la mkia akiwa angani. Jioni mashamba ya mpunga ya bonde la Luiche, karibu na Ujiji, kwa makorongo na jamii ya yangeyange. Popote penye michikichi atazame vileleni: kuna tumbusi mweupe kwa mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni ambaye chakula chake kikubwa ni chikichi. Kumwona tumbusi anakula matunda kunawafurahisha vijana kuliko tai.

Gombe, hifadhi tangu 1968, iko kaskazini mwa mji kwa njia ya ziwa tu. Maboti ya abiria hutoka Kibirizi kwa kawaida mchana na kurudi asubuhi siku inayofuata, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kwa boti la abiria haiwezekani. Ama mlale, ama mkodishe. Bila jaketi la kuokolea msipande, hata kama wote wengine wamepanda. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ni kwa namba ya malipo, si fedha taslimu getini, na umri hubadilisha ada, hivyo bebeni cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha shule. Kuna kikomo cha umri kwa kuwafuata sokwe. Ulizeni kabla ya kulipa. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, maana wanaambukizwa.

Mwanga wa Gombe una ugumu wake. Milima iko mashariki, ziwa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linachelewa zaidi kufika ufukweni, na ukitazama juu mlimani kila ndege ni kivuli cheusi. Asubuhi tumieni njia za chini ndani ya bonde, ambako ndege mmoja mdogo mwenye kifua chekundu na tumbo jeusi lenye madoa meupe hula mbegu njiani bila woga mwingi. Baada ya saa tisa jua linapiga mteremko kutoka ziwani, na hapo ndipo hondohondo na tai wa msituni wanaonekana rangi zao. Nyani wa pale wanapora hadi mkononi mwa mtu. Mkate usikae mezani.

Daftari liwe dogo, na kalamu ya risasi, sababu wino hutawanyika ukilowa. Ndege asiyemjua aandikwe kwanza, kitabu kifunguliwe baadaye: ukubwa ukilinganisha na shore, njiwa au kunguru, mdomo mnene au mwembamba, mkia, alama za bawa, alikuwa anafanya nini, juu au chini. Akifungua kitabu mapema ataona alichokitamani. Programu ya simu ya Merlin, ya kutambua ndege, ipakuliwe pamoja na kifurushi cha nchi kabla ya safari, kwa kuwa porini mtandao hakuna; ile sehemu ya kutambua sauti inajua baadhi tu ya ndege wetu, na huwa haisiti kukosea. Kupiga rekodi ya mlio ili ndege aje, nisingemruhusu. Ndege anaacha kula na kuja kupigana na simu.

Kuhusu Desemba badala ya Juni: wahamiaji kutoka Ulaya wapo, keremkerem na mbayuwayu tele, na kwera wamevaa rangi. Lakini majani yamefunga, njia za Urumwa ni tope, na yale makundi mchanganyiko yamevunjika kwa ajili ya kuzaa. Kwa anayeanza, Juni. Na kama bajeti inatosha siku mbili tu, futeni Kigoma yote: siku moja Igombe, siku moja Urumwa na mrina asali.