Deni la rihabu nililipa kwa samaki

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimetoka rihabu, sinywi tena, lakini nadaiwa laki moja na nusu. Usingizi siupati." Nilikuwa mnadani, hapa Malindi, na ujumbe ule ulinigusa mno, maana siku iyo hiyo nilikuwa nimetuma shilingi 6,500 za mwisho katika deni langu la 184,000.

Mimi ni mvuvi wa Shella, mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Mnazi na chang'aa nilivinywa kwa kujificha miaka tisa. Ramadhani moja nikaapa basi, nikaacha ghafla bila kumwona daktari. Siku ya tatu mikono ikitetemeka nikaanguka, kifafa, kando ya mashua. Wenzangu wakasema ni majini, akaitwa mwalimu anisomee. Dada yangu ndiye aliyesema wazi mbele ya wanaume wote, "Huyu ni pombe, mpelekeni hospitali." Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla, mtu anaweza kufa. Nenda kwa daktari kwanza, hata kama bili unaiogopa.

Mimi bili ilinikuta bima imekufa. Hospitali, kisha siku tisini za rihabu Mombasa. Siku ya kutoka nikazuiliwa, siku nne zaidi, kwa ajili ya pesa. Sikujua kwamba Mahakama Kuu ya Kenya ilishaamua mwaka 2015 kuwa kumzuilia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha Katiba. Dada akauza bangili zake mbili za dhahabu, ndipo nikatoka. Hilo linaniuma hadi leo.

Deni lililobaki, kosa langu lilikuwa kuiahidi rihabu 15,000 kila mwezi. Mvuvi gani ataipata hiyo wakati wa kusi, bahari imechafuka na vyombo vimepandishwa? Mwezi wa sita nikakopa kwenye simu ili nilipe, nikawa nadaiwa pande mbili. Usiku huo nilifika karibu na mangwe, kilabu cha mnazi, harufu naisikia. Nikarudi nyumbani. Asubuhi nikapanda basi hadi kwa mhasibu wa rihabu, nikamwambia ukweli: kaskazi, nguru na jodari wakiwepo, nitaleta 20,000, kusi nitaleta 2,000. Aliandika, tukatia sahihi.

Halafu nikamwomba nahodha wetu akate deni kwenye mgao wangu kabla pesa haijafika mkononi. Ilibidi nimweleze kila kitu. Ndugu zangu, acheni kuficha! Ahadi ipimeni kwa riziki yenu, msiipime kwa aibu. Anayejua deni lako ndiye atakayekuuliza unakwenda wapi saa mbili ya usiku. Mkiendelea kuficha, mtarudi kunywa, nawaambia.

Na jiandikisheni SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Sisi tusio na mshahara tunalipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo itoe wakati samaki wapo.

Kijana, nimeshakujibu kwa simu, na mhasibu wako tutamwendea pamoja ukipenda. Mimi bado nina deni moja. Dada hajawahi kulitaja, lakini mikono yake naiona mitupu kila Idi. Kaskazi hii naanza na bangili moja.