Tamko la ubalozi linamtoa mtu rumande?

Ndugu, umeuliza kama matamko ya mabalozi huwasaidia waandishi wanaoshtakiwa. Kumtoa mtu ndani, kwa nadra sana. Mtazame Erick Kabendera, mwandishi wa habari wa Tanzania: alikamatwa nyumbani kwake Dar mwishoni mwa Julai 2019. Kwanza wakamhoji kuhusu uraia, kisha Agosti akapandishwa mahakama ya Kisutu kwa uhujumu uchumi, ukwepaji kodi na utakatishaji fedha. Ujanja uko hapo kwenye utakatishaji, maana hauna dhamana.

Siku chache baadaye Marekani na Uingereza zikatoa tamko la pamoja kulalamikia jinsi kesi yake inavyoendeshwa. Kesi? Iliahirishwa, ikaahirishwa tena, upelelezi haujakamilika. Mama yake akafariki Desemba, na ombi la kwenda kumzika likakataliwa. Mabalozi wote wale, na hilo dogo halikuwezekana!

Nionavyo mimi, kelele zile zilisaidia asisahaulike gereza la Segerea, na si haba. Ila mlango ulifunguliwa na makubaliano na waendesha mashtaka: Februari 2020 alikiri, akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270, ndipo akaachiwa.