Ukihakiki Blu-ray ya komedi ya mapenzi, usinisimulie nani kamuoa nani

Msomaji mmoja amenitumia uhakiki wake wa Blu-ray ya It Happened One Night, akauliza kwa nini watu hawausomi. Nimeusoma wote. Aya nane za mwanzo ni hadithi: binti wa tajiri katoroka kwao, kakutana na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi ndani ya basi linalotoka Miami kwenda New York, wakagombana, wakapendana. Aya ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, inasema "picha safi, sauti nzuri, nyongeza za kutosha." Basi. Ndugu yangu, filamu ni ya 1934 na ilibeba Oscar zote tano kubwa. Anayefikiria kununua diski yake anajua mwisho wake. Swali lake ni moja tu, atoe hela au asitoe, na "picha safi" haimjibu.

Tatizo hili ni la wengi. Filamu ya mapigano ikitoka kwenye diski, wahakiki wanahesabu mpaka ngurumo za spika ya besi. Ikija komedi ya mapenzi, inaangaliwa huku mtu anakunja nguo. Lakini hizi ndizo filamu zinazoharibiwa kirahisi na diski mbovu. Mlipuko utauona hata picha ikiwa na chenga. Jicho la Claudette Colbert, anayecheza yule binti wa tajiri, linalokaribia kucheka kisha likajizuia hulioni ng'o.

Kabla ya kuweka diski kwenye deki, shika rimoti ya TV. Zima ule mwendo laini, ambao LG wanauita TruMotion, Sony Motionflow na Samsung Auto Motion Plus. Kazi yake ni kubuni fremu zisizokuwepo, na matokeo yake filamu inaonekana kama tamthilia ya mchana. Chagua hali ya Filmmaker au Cinema, zima kipunguza chenga, ushushe kipimo cha ukali wa picha mpaka mistari myeupe kwenye kingo za vitu ipotee. Kwenye deki, ruhusu fremu 24 kwa sekunde na uzime DRC, ile inayobana sauti ili usiamshe majirani. Kwenye saundba ondoa "Hall", "Stadium" na madoido mengine ya aina hiyo. Usipofanya haya utakuwa unahakiki TV yako.

Halafu taja nakala uliyonayo. Nani kaitoa, mwaka gani, ukanda gani (eneo la dunia ambalo diski imefungiwa kuchezwa), diski ngapi. It Happened One Night ya 2014 ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu maarufu kwenye diski, imetokana na usafishaji wa 4K (picha yenye upana wa nukta karibu elfu nne), na DVD za zamani za filamu hiyohiyo hazifanani nayo hata kidogo. Geuza diski uangalie mgongo wake. DVD ya kiwandani ina mgongo wa rangi ya fedha. Ukiona zambarau au bluu ya maji, imechomwa kwenye kompyuta. Na zile DVD za "filamu kumi kwa moja" zinazopangwa barabarani usizihakiki kabisa. Piga hesabu mwenyewe: gigabaiti 4.7 ukigawa kwa filamu kumi, kila moja inapata kama megabaiti 470. Kwa filamu ya dakika 100 hiyo ni chini ya megabiti 0.7 kwa sekunde, wakati DVD ya kawaida inaruhusiwa mpaka 9.8 kwa picha peke yake. Huwezi kumlaumu mpiga picha kwa hilo.

Blu-ray inafika megabiti 40 kwa sekunde za picha. Filamu ya dakika 105 ikipewa wastani wa 35 inakula gigabaiti 27 na ushei, kwa hiyo haiingii kwenye diski ya tabaka moja yenye 25; inahitaji ya 50. Ukikuta filamu pamoja na saa tatu za nyongeza vimebanwa kwenye diski ya 25, anza kuwa na wasiwasi. Kitufe cha Info au Display kwenye rimoti ya deki nyingi kinaonyesha namba hizi filamu ikiendelea, na kwenye kompyuta programu ya BDInfo inakupa mchanganuo wote. Lakini namba isikutie uvivu wa macho. Nimeona megabiti 35 zikipotezwa kwenye picha iliyokwisha kuharibiwa huko ilikotoka.

Sasa uso. Simamisha picha kwenye sura ya karibu, kisha songa fremu moja moja. Filamu halisi ina punje, zile chembe ndogondogo za utepe wa filamu, na punje hubadilika kila fremu, zinachemka. Chenga zinazotokana na picha kubanwa ili ienee kwenye diski ni vijisanduku, na hukaa palepale fremu kadhaa kabla ya kuruka. Punje ni filamu yenyewe, usizikatie maksi. Ukikuta hakuna punje kabisa, ngozi imekuwa kama nta, na mwigizaji akigeuza kichwa nywele zinaacha kivuli kinachomfuata, hapo mtu kapitisha kipunguza chenga kwa mkono mzito. Kwenye komedi ya mapenzi hilo ni kosa kubwa kuliko mkwaruzo, maana mikunjo midogo ya pembeni mwa macho ndiyo inayokuambia kwamba steringi ameshapenda ila mwenyewe hajajua.

Ila usikurupuke. Sura za karibu za Colbert ni laini kuliko za Clark Gable, anayecheza yule mwandishi wa habari, na diski haina kosa. Joseph Walker, aliyeipiga picha filamu hiyo, alikuwa akilainisha mwanga na lenzi kwa waigizaji wa kike, kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood wakati ule. Dalili ya kwamba diski ni nzima ni kwamba koti la Gable linaonyesha ufumaji wake dakika ileile ambayo uso wa Colbert ni laini. Vilevile picha moja inapoyeyukia nyingine, ubora hushuka sekunde chache na punje huongezeka. Zamani myeyuko huo ulitengenezwa maabara kwa kunakili filamu upya, kwa hiyo unachokiona ni nakala ya nakala. Kila mwaka kuna mhakiki anayeandika kwamba "picha inayumbayumba ubora" bila kugundua kwamba inayumba kwenye miyeyuko tu.

Kipimo changu kwa filamu hii ni usiku wa kwanza kwenye kijumba cha wasafiri. Mvua inanyesha nje, vitanda viwili, na Gable anafunga kamba katikati na kutundika blanketi ili kila mtu awe na upande wake. Taa ikizimwa, angalia vitu vitatu bila kugusa rimoti. Blanketi: je, unaona uzito na mikunjo yake, au limegeuka doa moja la kijivu? Giza la pembeni: ni jeusi lenye ngazi, au lina mabaka yanayotambaa? Na macho ya Colbert gizani: ule mng'ao mdogo upo? Diski ikifaulu hapo, imefaulu kote. Ikianguka hapo, hata mandhari ya mchana iwe nzuri namna gani, andika kwamba imeanguka, kwa sababu moyo wa filamu uko pale kwenye blanketi.

Kwa filamu za rangi badilisha kipimo. When Harry Met Sally ya 1989 ina matembezi ya Central Park majani yakiwa yamegeuka rangi ya kutu na dhahabu. Ukiona majani yanawaka na wakati huohuo Meg Ryan na Billy Crystal wamekuwa wa machungwa, mtu kaongeza rangi kupita kiasi. Ngozi ndiyo mizani yako siku zote. Jani likizidi rangi kidogo hakuna atakayejua.

Sauti. Msikatie maksi komedi ya mapenzi kwa sababu spika za nyuma zimenyamaza. Zinafanya nini huko nyuma? Maneno yako katikati, muziki pembeni. It Happened One Night ni mono (sauti ya njia moja tu), na diski ya Criterion inaiacha mono isiyobanwa, ndivyo inavyotakiwa. Unachopima ni usafi. Weka pale abiria wote wa basi wanapoimba: kwenye diski mbaya sauti zinashikana zikawa uji, kwenye nzuri unamtofautisha anayeongoza na wanaoitikia. Kisha tafuta sehemu ya kimya. Mlio mdogo wa "sss" chini ya maneno ni wa kawaida kwa filamu ya umri huo. Mlio ukikatika ghafla kila mtu anaponyamaza na kurudi anapoongea, wamesafisha kupita kiasi, na herufi kama s na f zitakuwa zimekatwa pamoja nao.

Kulingana kwa midomo na sauti pima kwa herufi p, b na m, kwa sababu hapo midomo lazima ifunge. Ikichelewa kwenye diski zako zote, rekebisha ucheleweshaji wa saundba. Ikichelewa kwenye hii tu, andika, na utaje dakika.

Hapa kuna jambo ambalo hakiki nyingi za kwetu zinaliruka: mwendo. DVD za Ulaya na za kwetu ni za mfumo wa TV unaoitwa PAL, fremu 25 kwa sekunde, wakati filamu ilipigwa kwa 24. Watengenezaji wengi huikimbiza tu. Filamu inakwenda haraka kwa asilimia 4, dakika 105 zinakuwa kama 101, na sauti, isiporekebishwa, inapanda zaidi ya nusu ya semitoni, ile hatua ndogo kabisa ya muziki kwenye piano. Kwenye filamu ya vita hutajali. Kwenye komedi, ule ukimya kati ya swali na jibu umepunguzwa, na sauti nzito ya mwanaume inakuwa ya kijana. Kwa hiyo linganisha urefu wa filamu na ule wa sinema kabla ya kulia kwamba "wamekata vipande". Blu-ray kwa kawaida inabaki na fremu 24, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kuachana na DVD. Tena DVD za tabaka mbili husita kidogo laser ikihama tabaka. Mtengenezaji makini huficha msito huo kwenye giza kati ya maonyesho, mzembe anauacha katikati ya utani. Ukiuona, taja ulipo.

Sabtaito nazo zina wakati wake. Mstari unaotokea kabla mwigizaji hajafungua kinywa umeshaua kichekesho, mtazamaji kacheka peke yake. Chukua maonyesho ya mabishano ya haraka, angalia kama jibu limewekwa kwenye sabtaito moja na swali. Hilo ni kosa la kudumu la waandika sabtaito wavivu.

Nyimbo: angalia orodha ya nyimbo mwishoni mwa filamu, kisha hakikisha umezisikia zote. Mikataba ya muziki ya zamani mara nyingi haikutaja video za nyumbani, na wenye diski wakishindwa kulipa huweka wimbo mwingine. Majina pia huhama. Roman Holiday ya 1953 ilitoka jina la mwandishi wake, Dalton Trumbo, likiwa limefichwa kwa sababu alikuwa kwenye orodha nyeusi ya Hollywood, ya watu walionyimwa kazi kwa kushukiwa ukomunisti, na Ian McLellan Hunter ndiye aliyetajwa badala yake. Kwenye DVD jina la Trumbo likarudishwa, na mwaka 2011 akatambuliwa kikamilifu kama mwandishi. Mhakiki anayeruka maandishi ya mwanzo hajaimaliza kazi.

Nyongeza zisikuchukulie nusu ya ukurasa. Sema ni nini, ina urefu gani, kama ni mpya au imehamishwa kutoka diski ya zamani, na kama inafundisha kitu. Kwenye Criterion hii kuna mazungumzo ya wahakiki wa filamu Molly Haskell na Phillip Lopate, filamu nzima ya maisha ya mwongozaji Frank Capra ya 1997, na filamu fupi ya kwanza ya Capra ya 1921, isiyo na sauti. Hiyo ya mwisho ndiyo ningeitanguliza. Trela ni trela, sentensi moja inatosha.

Ukiharibikiwa na picha inayokwama, kabla hujalaani kampuni safisha diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ya DVD iko 0.6, ndiyo maana alama ya kidole inasumbua Blu-ray zaidi. Ikikwama palepale kwenye deki ya pili, hapo una habari ya kuandika.

Na mwisho wa uhakiki, usiniwekee nyota tano halafu ukaondoka. Niambie itacheza kwangu au haitacheza. Afrika Mashariki tuko ukanda 5 kwa DVD na B kwa Blu-ray; jamaa zetu wa Oman na Ghuba wako 2 na B; walioko Marekani ni 1 na A. Criterion ya 2014 ya Marekani ni ya A, deki ya kawaida iliyonunuliwa Dar au Mombasa itaikataa. Tangu 2016 kampuni hiyo inatoa diski Uingereza pia, za ukanda B, na It Happened One Night imo, kwa hiyo mwenye ndugu London amwagize hiyo. Diski za 4K karibu zote hazina ukanda, ila zinataka deki yake maalumu.