SPI ya 1.0 na mradi uliochelewa
Je, SPI (kipimo cha jinsi mradi unavyoenda na ratiba, ambapo 1.0 ni sawa na mpango) ikifika 1.0 mwishoni, ni ushahidi kwamba mradi haukuchelewa? Hapana. SPI ni thamani ya kazi iliyofanyika, ukigawanya kwa thamani iliyopangwa kufikia siku hiyo. Tarehe ya mwisho kwenye mpango ikishapita, thamani iliyopangwa husimama palepale kwenye bajeti nzima, na ya kazi iliyofanyika huikaribia mpaka zilingane. Daraja la milioni 100 likikamilika kwa kuchelewa miezi sita bado litasoma 100 gawanya kwa 100, yaani 1.0! Kazi yangu ni ratiba za ujenzi, na mradi ukikaribia mwisho siitegemei namba hiyo kabisa. Natazama mlolongo wa kazi usio na siku hata moja ya akiba. Mapema kwenye mradi, sawa, inasaidia.